Katuni za zamani zikisafishwa upya: usiache mbachao kwa msala upitao

Kijana wa leo akitaka kutazama Dragon Ball Z hangoji saa ya runinga. Hufungua simu, akaikuta katuni iliyochorwa Japani kabla yeye hajazaliwa, na rangi zake zinang'aa kana kwamba zimepakwa jana. Hiyo "kana kwamba zimepakwa jana" ndiyo inayonishughulisha. Ni nani aliyezing'arisha, na alipokuwa akifuta, alifuta uchafu au alifuta kazi ya mchoraji?

Nimeona niliandikie makala kamili jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, kusafisha upya filamu za zamani kwa kompyuta ni kazi yenye kanuni zake, na katika lugha yetu haijaelezwa vya kutosha. Ya pili, kazi iyo hiyo inafanywa hapa kwetu Pwani, kwa mikanda ya harusi, maulidi na taarabu iliyolala makabatini. Makosa yaliyofanywa na makampuni makubwa ya ng'ambo yanaweza kutufunza kitu kabla hatujayarudia.

Katuni ilivyotengenezwa

Dragon Ball Z ilianza kuonyeshwa na kituo cha Fuji TV tarehe 26 Aprili 1989, ikamalizika tarehe 31 Januari 1996. Jumla ni vipindi 291. Studio ya Toei Animation iliitengeneza kutokana na hadithi ya picha ya Akira Toriyama, aliyefariki Machi 2024.

Wakati huo kompyuta haikuwa na nafasi katika kazi hiyo. Mchoro wa penseli ulihamishiwa kwenye plastiki nyembamba inayopitisha mwanga kama kioo. Wapakaji rangi waliigeuza plastiki na kupaka kwa nyuma, ili mstari wa mbele usiharibike. Kisha iliwekwa juu ya mandhari yaliyochorwa kwa brashi, ikapigwa picha kwa mkanda wa filamu wa milimita 16. Baada ya hapo plastiki ikabadilishwa, picha nyingine ikapigwa, na hivyo hivyo hadi kipindi kiishe.

Kila picha moja ya mkanda huitwa fremu, na fremu 24 hupita kwa sekunde moja. Tukihesabu dakika 20 tu kwa kila kipindi, hizo ni fremu 28,800. Zidisha kwa vipindi 291, utapata zaidi ya fremu milioni nane. Ni kweli kwamba mchoro mmoja ulipigwa picha mara mbili au tatu ili kuokoa kazi, lakini kwenye mkanda kila fremu imesimama peke yake, na kila moja huingia vumbi lake na mkwaruzo wake. Msafishaji basi anakabiliwa na fremu zote hizo.

Hatua za kazi

Hatua ya kwanza ni kutafuta mkanda ulio karibu zaidi na kamera, yaani negativu ya asili. Nakala iliyotolewa kwenye nakala nyingine imekwisha kupoteza sehemu ya ukali wa picha, na hakuna kompyuta itakayourudisha.

Pili, mkanda hukaguliwa kwa mkono. Maungio yaliyolegea hugandishwa, na vumbi hufutwa kwa dawa maalumu. Filamu nyingi za zamani zina tabaka la plastiki aina ya asetati, ambayo ikichakaa hutoa harufu kali ya siki, ikajikunja na kusinyaa. Joto na unyevu huharakisha maradhi hayo.

Tatu, mkanda hupitishwa kwenye skana inayosoma fremu moja moja. Nne, kompyuta huituliza picha inayotikisika, hufuta madoa na mikwaruzo, na kurekebisha rangi zilizofifia. Tano ni sauti, ambayo nayo husafishwa mivumo na mikatiko. Mwisho hutolewa nakala ya kuuzwa kwenye diski au kuonyeshwa mtandaoni.

Uchafu ni upi?

Hapa ndipo penye ugomvi wote. Mimi napima kwa kipimo kimoja: uchafu ni kile kilichokuja baada ya mchoraji kuweka brashi chini na kamera kufanya kazi yake. Vumbi, mikwaruzo, ukungu na rangi iliyofifia kwa miaka vimekuja baadaye. Hivyo viondoke. Mstari wa penseli, rangi aliyoichagua mpakaji na umbo la picha vilikuwapo tangu mwanzo. Hivyo visiguswe.

Katikati ya pande hizo mbili kuna punje za filamu, zile chembechembe ndogo zinazochezacheza kwenye picha. Mtazamaji aliyezoea picha za simu huziona kama kasoro. Lakini punje hizo ndizo zilizoibeba picha yenyewe. Programu ya kompyuta inapoamriwa iziondoe kwa nguvu, haijui kutofautisha punje na mstari mwembamba wa jicho au wa unywele. Hufuta vyote viwili. Uso unabaki laini kama nta, na mhusika anapokimbia mistari yake huyeyuka. Anayetazama husema picha ni safi, na ni kweli ni safi, ila mkono wa mchoraji umekwenda na maji ya kuoshea.

Picha iliyokatwa

Kosa la pili ni la umbo. Runinga za zamani zilikuwa na umbo la 4 kwa 3, karibu na mraba. Za leo ni pana, 16 kwa 9. Katuni ya 1989 ikiwekwa kwenye runinga pana huacha mistari miwili mieusi, mmoja kushoto na mwingine kulia. Wauzaji huiogopa mistari hiyo, wakidhani mnunuzi atalalamika kwamba kioo chake hakijajaa. Basi hukuza picha mpaka ijae kwa upana, na kinachozidi juu na chini hukatwa. Hesabu yake ni nyepesi: picha ya 4 kwa 3 ikikatwa hivyo kufikia 16 kwa 9, robo yake hupotea.

Mwaka 2007 kampuni ya Funimation ya Marekani ilianza kutoa Dragon Ball Z kwenye seti za DVD zilizokatwa namna hiyo, na punje zikiwa zimefutwa kwa nguvu. Wapenzi wa katuni hiyo walizipa jina la matofali ya rangi ya chungwa, kwa rangi ya makasha yake. Mwaka 2011 kampuni iyo hiyo ikajaribu njia bora: kwenye Blu-ray ikatoa vipindi vya mwanzo katika umbo lake la asili, vikiwa vimesafishwa kwa uangalifu mkubwa zaidi. Zikatoka seti mbili tu, kisha mradi ukasimamishwa kwa sababu gharama na muda vilizidi. Seti za Blu-ray zilizofuata zikarudi kwenye picha pana iliyokatwa. Kazi nzuri iliwezekana, ikashindwa na daftari la mahesabu.

Mfano wa pili ni The Simpsons wa Marekani, iliyoanza kama mfululizo kamili Desemba 1989 na ingali inaendelea. Hadi mapema 2009 ilitengenezwa kwa umbo la 4 kwa 3. Huduma ya Disney+ ilipofunguliwa Novemba 2019, vipindi hivyo vya zamani vilionyeshwa vikiwa vimekatwa. Watazamaji wakaleta ushahidi. Katika kipindi kimoja cha 1993, wahusika wanatembezwa kiwanda cha pombe kinachojigamba kuwa na aina tatu za kinywaji. Juu ya matangi matatu mchoraji ameweka bomba moja linaloyajaza yote. Huo ndio mzaha wenyewe: mteja anauziwa kitu kimoja kwa majina matatu. Picha ilipokatwa, bomba likapotea. Yakabaki matangi matatu, na mtazamaji asijue cha kuchekea ni nini.

Malalamiko yakasikika. Mwishoni mwa Mei 2020 Disney+ iliongeza chaguo la kutazama vipindi hivyo katika umbo lake la asili. Nakitaja kisa hiki kwa kuwa kinaonyesha kwamba watazamaji wakishika jambo lao kwa hoja, hata kampuni kubwa hurudi nyuma.

Toei walipoirudia kazi yao wenyewe

Mwaka 2009, katuni ilipotimiza miaka 20, Toei yenyewe ilitoa toleo jipya kwa jina Dragon Ball Kai. Mikanda ilisomwa upya, baadhi ya picha zilizoharibika zikachorwa tena juu ya zile za zamani, na hadithi ikafupishwa kwa kuondoa sehemu nyingi ambazo hazikuwamo katika kitabu cha Toriyama. Sauti zilirekodiwa upya. Bi Masako Nozawa, aliyeanza kumwigiza Goku mwaka 1986, alirudi studio kuyasema tena maneno aliyokwisha kuyasema miaka ya nyuma. Muziki pia ulitungwa mpya. Lakini mwaka 2011 muziki huo uliondolewa, baada ya kuzuka madai kwamba baadhi ya vipande vyake vilifanana mno na kazi za watu wengine, na ukarudishwa ule wa zamani wa Shunsuke Kikuchi.

Mimi sina ugomvi na Kai. Imejiita kwa jina lake, na haikudai kuwa ndiyo ile ya 1989. Aliyetaka ya zamani bado angeweza kuitafuta. Ubaya huja pale toleo lililobadilishwa linapochukua jina na nafasi ya lile la asili, mpaka kizazi kinachofuata kikadhani ndivyo lilivyokuwa tangu mwanzo. Na katika zama hizi za kutazama mtandaoni jambo hilo ni rahisi sana, kwani kilichowekwa na kampuni ndicho pekee watu watakachokiona.

Ya zamani kuipita ya juzi

Kuna jambo moja linalowashangaza wengi. Katuni ya 1989 inaweza kutoka bora kuliko ya 2005. Sababu ni kwamba mkanda wa filamu umehifadhi undani mwingi kuliko ulioonekana kwenye runinga za wakati huo, na skana ya leo inaufikia. Lakini katuni kama Avatar: The Last Airbender, ya 2005 hadi 2008, ilitengenezwa kwa kompyuta kwa kipimo cha runinga za siku zile. Hakuna mkanda wa kuurudia. Ilipotolewa kwenye Blu-ray mwaka 2018, picha ilibidi ikuzwe na programu.

Kukuza namna hiyo ni kukisia. Programu huangalia pikseli zilizopo na kujaza zile zisizokuwapo. Zile mpya za akili bandia hukisia kwa ujasiri zaidi, na ndiyo maana maandishi ya nyuma ya picha hugeuka vikorokoro na nyuso ndogo za mbali huota macho yasiyolingana. Kukisia si kusafisha, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa kipi kimefanywa.

Mikanda yetu

Sasa turudi nyumbani. Makabati ya Pwani yamejaa kanda za video za harusi na maulidi, na kaseti za taarabu. Hewa yetu ina joto, unyevu na chumvi, maadui wakubwa wa mkanda wowote. Wenye kanda hizo wanazipeleka madukani zihamishiwe kwenye kompyuta, na hiyo ni hatua njema. Ila mara nyingi zinarudi na makosa yaliyoelezwa hapo juu. Picha imevutwa mpaka ijae runinga pana, na bibi harusi amenenepa ghafla. Mvumo wa kaseti umefutwa, na pamoja nao umekwenda mlio mwembamba wa matari na pumzi ya mwimbaji.

Kwa hivyo, unapopeleka mkanda wako, mwambie fundi mambo manne. Kwanza, atoe nakala moja isiyoguswa, ilivyo, na madoa yake yote. Pili, picha ibaki katika umbo la 4 kwa 3. Tatu, usafishaji wowote ufanywe kwenye nakala ya pili, ili ukiharibika pawe na pa kurudia. Nne, mkanda wenyewe urudishwe mikononi mwako. Nakala za kompyuta ziweke mahali pawili au zaidi, kwa maana diski nayo hufa siku moja bila kupiga hodi. Na uandike ni harusi ya nani, mwaka gani, na nani aliyeimba. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkanda wenyewe usiutupe, hata ukiambiwa kazi imekwisha. Uweke pakavu, mbali na jua na ukuta wenye fukuto, ukiwa umesimama wima ndani ya kasha lake. Funimation walipotaka kuirekebisha kazi yao mwaka 2011, waliweza kujaribu kwa kuwa mkanda ulikuwapo. Miaka kumi ijayo zitakuja mashine bora kuliko za leo, na zitakachohitaji ni kile kile kikongwe kilichomo kabatini mwako.