KITANZI BAADA YA KUJIFUNGUA, Sehemu ya 3: Uzi umeenda wapi?

Mama mmoja wa huku Kimwani alinifuata na mtoto wa wiki saba mgongoni. Aliwekewa kitanzi palepale leba, kajipima kwa kidole, uzi hausikiki. Mama mkwe kamwambia kimepanda moyoni! Siku tatu hajalala.

Mdogo wangu, huo uzi una historia yake. Miaka ya 1920, Mjerumani Ernst Gräfenberg alikuwa anawawekea wanawake pete za fedha kwenye kizazi, hazina uzi. Mwaka 1962 Mmarekani Jack Lippes akaleta kitanzi cha plastiki chenye uzi unaoning'inia, ukakirahisisha kukikagua na kukitoa. Ndiyo "lupu" ya bibi zetu.

Halafu ikaja balaa. Mwaka 1971 kiliingia sokoni Marekani kitanzi kinachoitwa Dalkon Shield. Uzi wake ulikuwa nyuzi nyingi nyembamba ndani ya kifuko kimoja, na vijidudu vikawa vinapanda humo kama mafuta ya taa kwenye utambi. Wanawake wakapata maambukizi makali, wengine wakapoteza uzazi, wapo waliokufa. Mauzo yakasimamishwa huko 1974, ila jina baya likabaki kwa vitanzi vyote. Hiki cha shaba tunachokuwekea leo uzi wake si wa aina ile.

Sasa turudi leba. Kitanzi huwekwa ndani ya dakika 10 baada ya kondo kutoka, au kabla ya saa 48. Kizazi wakati huo ni kikubwa, kinarudi kidogo kidogo. Uzi unaweza kujikunja ukabaki humo humo ndani. Kati ya 2014 na 2017 zaidi ya wanawake 36,000 waliwekewa hivyo katika nchi 6, Tanzania ikiwemo, kupitia chama chetu cha madaktari wa uzazi, AGOTA. Kwa waliorudi baada ya wiki sita, 29 katika kila 100 uzi haukuonekana. Kitanzi kilichotoka chenyewe? Kama 2 au 3 tu katika 100. Kizazi kutoboka, hakuna aliyeripotiwa.

Lakini mimi hapo kuna kitu kinaniuma: waliorudi ni 53 tu katika 100. Hao wengine hatujui. Na kitanzi kinaweza kudondoka chooni bila wewe kujua, ukashtukia mimba nyingine mtoto hajatambaa.

Kwa hiyo usiposikia uzi, tumia kondomu, njoo upimwe mimba na ultrasaundi. Ukiwa na homa, uchafu unaonuka au maumivu makali ya tumbo chini ya kitovu, usingoje wiki sita. Njoo leo hii.

Yule mama tulimpima. Kitanzi kipo mahali pake, uzi umejikunja juu yake. Akacheka, akasema anaenda kumwonyesha mama mkwe hiyo picha.