Waya, Laini na Kaya: Nasaba ya Kipimo cha Intaneti katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Kila kipimo kina ukoo wake. Idadi inayotajwa leo katika mipango ya serikali kuwa ni dalili ya maendeleo ya nchi haikuzuka yenyewe. Ilirithi umbo lake kutoka kwa kipimo kilichoitangulia, na hicho nacho kilirithi kwa kingine. Ndivyo ilivyo kwa hesabu ya intaneti ya kasi iliyofungwa mahali pamoja, yaani ile ifikayo nyumbani au ofisini kwa waya au kwa chombo kisichohama, wala si ile ya simu ya mkononi. Umoja wa Mataifa ulipitisha Malengo ya Maendeleo Endelevu mwaka 2015, na hesabu hiyo ikawekwa miongoni mwa vipimo vya Lengo la 17: huhesabiwa maunganisho yanayolipiwa kwa kila watu 100, kisha hugawanywa kwa kadiri ya kasi. Yafaa kuifuata nasaba ya kipimo hicho, kwa maana maneno yake yamebeba dhana fulani juu ya nyumba na juu ya mtu, na dhana hizo hazikai sawasawa katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke.

Mwanzo wa nasaba hii ni waya. Neno simu lenyewe limetoka katika Kiajemi, na maana yake huko ni waya. Waya wa baharini kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879 na kuendelea kusini hadi Durban. Mwaka 1890 ukavutwa mwingine kutoka Unguja hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Simu ya siku zile ilikuwa ya maandishi, si ya mazungumzo, na watu walikwenda mahali ilipo. Hata simu ya mazungumzo ilipoenea mjini, ilibaki kuwa mali ya mahali: ilifungwa ukutani au kuwekwa mezani, na waya wake ulifuata ofisi, maduka makubwa na nyumba za wakubwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za wafanyakazi Waafrika huko Ilala, Magomeni na Temeke, lakini kujengewa nyumba hakukuwa na maana ya kuvutiwa waya.

Katika zama hizo hesabu ya simu kwa kila watu 100 ilikuwa na mantiki yake. Waya mmoja ulikuwa na nyumba moja, na nyumba moja ilikuwa na jina moja katika daftari la simu. Mwenye kuhesabu waya alihesabu, kwa kiasi fulani, watu waliofikiwa. Walakini kasoro ya kipimo hicho ilionekana mapema, na ilisemwa kwa uzito katika kazi iliyoanzia Afrika Mashariki. Mwaka 1982 mkutano mkuu wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu ulikutana Nairobi, na huko ikaundwa tume chini ya Sir Donald Maitland ichunguze upungufu wa simu duniani. Taarifa ya tume hiyo, iliyotolewa kwa shirika mwezi Januari 1985, ilieleza kwamba mji wa Tokyo peke yake ulikuwa na simu nyingi kuliko bara zima la Afrika lenye watu milioni 500. Lakini shabaha iliyowekwa na tume haikuwa kila nyumba iwe na waya wake. Ilitaka mapema katika karne iliyofuata karibu wanadamu wote wawe na simu mahali wanapoweza kufika kwa urahisi. Basi hapo palikuwa na vipimo viwili: kumiliki na kufikia. Majedwali ya mataifa yaliendelea zaidi na kile cha kwanza, kwa sababu ni rahisi kuhesabu mali iliyoandikwa katika vitabu vya kampuni kuliko kuhesabu mwendo wa mtu hadi kwa jirani.

Nchini Tanzania vitabu hivyo vilipita mikononi mwa wengi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kazi ya posta na simu ilishikwa na shirika la nchi yenyewe. Mwaka 1994 shirika hilo likagawanywa, na simu zikawa chini ya Kampuni ya Simu Tanzania. Mwaka huo huo wa 1994 simu za mkononi zilianza Dar es Salaam. Hapo lilitokea jambo ambalo mwanaisimu hana budi kulitazama kwa makini. Neno laini, lililotwaliwa katika Kiingereza, lilikuwa jina la waya wa simu. Katika miaka michache likawa jina la kile kijikadi kidogo kinachotiwa ndani ya simu ya mkononi. Mtu wa Mbagala akisema ana laini tatu hasemi kwamba nyumba yake imefikiwa na nyaya tatu. Asema kwamba ana kadi tatu za kampuni mbalimbali, naye hubadili kufuata bei na mahali mtandao unaposhika. Neno limebaki, kitu kimehama. Kilichokuwa cha nyumba kimekuwa cha mfukoni. Hivyo hesabu ya laini kwa kila watu 100, ambayo zamani ilipunguza idadi ya watu waliofikiwa kwa kuwa wengi walitumia waya mmoja, sasa huizidisha, kwa kuwa mmoja huhesabiwa mara tatu.

Nyaya zilirudi katika mazungumzo ya maendeleo mwaka 2009, ulipofika Dar es Salaam mkongo wa baharini wa SEACOM, ukafuatwa na ule wa EASSy mwaka 2010, huku serikali ikitandaza bara Mkongo wa Taifa. Neno mtandao lilipata nguvu mpya katika miaka hiyo, nalo ni neno lililochaguliwa vizuri: limetokana na tanda, kama mtande wa mfumaji na utando wa buibui. Ila mtandao una nyuzi nene na nyuzi nyembamba, na mkongo kufika pwani si sawa na uzi kufika mlangoni. Hili ndilo jambo ambalo kipimo cha intaneti iliyofungwa mahali pamoja hulitafuta, na kwa sababu hiyo hakifai kudharauliwa. Wapo wasemao kwamba simu ya mkononi imekwisha maliza haja ya waya. Lakini mnunuzi wa bando hupima matumizi yake kwa saa na kwa siku. Mwanafunzi anayesoma kwa bando hufunga kitabu bando linapokwisha. Shule, zahanati na karakana zahitaji njia isiyokatika kila vocha inapoisha. Kipimo kinachoonyesha mahali njia hiyo isipofika kina manufaa makubwa, mradi kisomwe kwa namna ipasayo.

Usomaji huo waanza na hesabu nyepesi. Chukua nchi mbili ambazo kila kaya ina uzi mmoja wa intaneti, wala hakuna kaya iliyokosa. Katika nchi ya kwanza kaya ina watu 2. Kipimo kitasema maunganisho 50 kwa kila watu 100. Katika ya pili kaya ina watu 5. Kipimo kitasema 20 tu. Nchi zote mbili zimekamilisha kazi, lakini jedwali litaiweka ya pili nyuma sana. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilipata wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Basi hata kama kila kaya nchini ingeunganishwa, maunganisho ya nyumbani yasingezidi 23 hivi kwa kila watu 100. Tena kipimo hicho huchanganya maunganisho ya nyumba na ya ofisi, hata nyuzi za benki na wizara zilizopo katikati ya mji hugawiwa, katika hesabu, kwa mkulima na mvuvi pia. Na kasi ya chini inayotosha kuingizwa katika hesabu ni kilobiti 256 kwa sekunde, kiasi ambacho leo hakimtoshi mwalimu kuonyesha picha inayotembea kwa utulivu. Marekani iliweka kiwango chake kuwa megabiti 25 mwaka 2015, ikakipandisha hadi 100 mwaka 2024.

Neno kaya nalo lataka uangalifu. Kwa Wamijikenda kaya ni mji wa wazee ndani ya msitu. Katika lugha ya sensa ya Tanzania ni watu wakaao pamoja na kula pamoja. Nyumba ni kitu kingine. Katika Tandika, Manzese na Mbagala nyumba ya Kiswahili yenye ujia katikati na vyumba pande mbili huweza kuwa na kaya moja kila chumba, zote zikitumia uani mmoja. Mwenye nyumba akivuta uzi wa intaneti na wapangaji wakachangia malipo, kampuni itaandika mteja mmoja. Mdadisi akiuliza, “Je, nyumba hii ina intaneti?” atajibiwa ndiyo na kaya sita, akiuliza, “Je, kaya hii imelipia intaneti?” huenda akajibiwa ndiyo na moja. Tofauti ya majibu hayo haitokani na maendeleo wala na umaskini. Yatokana na neno alilolitumia.

Mipaka ya utawala nayo hucheza na hesabu. Sensa ya mwaka 2012 iliandika watu 1,775,049 katika Kinondoni na 1,368,881 katika Temeke. Ile ya 2022 iliandika 982,328 na 1,346,674. Asiyejua historia atadhani watu wamehama, kumbe baina ya sensa hizo mbili Ubungo imekatwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Ukiziunganisha tena, eneo la Kinondoni ya zamani lina watu 2,069,240 na la Temeke ya zamani 1,664,576. Mwenye kugawa maunganisho ya leo kwa idadi ya watu ya jina lile lile la zamani ataharibu jibu lake. Zaidi ya hayo, wastani wa wilaya huficha yaliyomo: Msasani na Bunju zote ni Kinondoni, lakini moja iko karibu na kiini cha mji na nyingine iko mbali, huko barabara ya Bagamoyo inakoelekea mpakani mwa mkoa.

Katika kuyatazama mambo haya yote yaonekana kwamba kipimo hakikukosea katika kile kinachokihesabu. Kilirithi kutoka zama za waya ule mwafaka wa waya mmoja, nyumba moja, jina moja, na mwafaka huo ulivunjika pande mbili: laini ilihamia mfukoni, na nyumba ikajaa kaya. Malengo ya 2015 yenyewe yana vipimo vingine vya kuandamana nacho, kama vile sehemu ya watu wanaotumia intaneti na sehemu ya watu wanaomiliki simu ya mkononi, wanaume kwa wanawake. Kuvisoma pamoja, kata kwa kata, ni kurudisha lile swali la tume iliyozaliwa Nairobi, la nani anaweza kufikia. Na kwa upande wa lugha, kazi iliyo mbele ni ya kawaida ingawa si ndogo: kuweka maana moja kwa laini, kwa nyumba, kwa kaya na kwa kuunganishwa, kabla ya karatasi ya maswali kupigwa chapa. Kitongoji kilichohesabiwa kwa neno lenye maana mbili chaweza kuonekana kimeshiba na hali kina njaa, na mpango utakaojengwa juu ya hesabu hiyo utaupeleka uzi kwingine.