Mkuu wa Fedha wa Taasisi ya Serikali na Zawadi za Nyumbani

Hapa Zanzibar, mkuu wa fedha wa taasisi ya serikali husimamia bajeti, hupitisha malipo ya wazabuni, hufunga hesabu za mwaka kila Juni 30 na hujibu hoja za ukaguzi. Kazi hii ni halali, nayo ni amana. Nabii Yusuf (a.s.) aliomba mwenyewe kusimamia hazina ya Misri, akataja uaminifu wa kuhifadhi na ujuzi.

Mtihani mkubwa huja nyumbani: mbuzi wa Idi, gunia la mchele, ada ya mtoto iliyolipwa na mzabuni. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, alijitengea alivyozawadiwa. Mtume (s.a.w.) alilikemea jambo hilo juu ya mimbari, akauliza kama zingemfikia angekaa kwa wazazi wake.

Basi zawadi iliyoletwa kwa ajili ya cheo irudishwe. Ya jamaa aliyezoea kupeana naye kabla ya cheo, na asiye na shughuli ofisini kwake, haina ubaya. Tunawanasihi watu wa nyumbani: msipokee mzigo mlangoni kabla ya kujua umetoka kwa nani na kwa nini.

Wallahu a'lam.