Lita Moja kwa Wiki: Land Rover ya Nduruma na Mpaka wa Namanga

Mhariri kanipa kazi juu ya kazi, na Jumamosi pekee niliyopata nimeimalizia chini ya gari. Leo nawaletea historia, ila inaanzia chini ya boneti.

Baba mdogo anaishi Nduruma. Ana Land Rover Defender ya 1996, injini ya 300Tdi, inayobeba nyanya na vitunguu hadi soko la Kilombero mjini Arusha. Gari hilo ndilo linalolipa ada za wadogo zangu. Tangu Pasaka likawa linakunywa maji, kama lita moja kwa wiki, na chini halidondoshi hata tone. Fundi mmoja akasema hedi imekufa, akataja bei ya kuuzisha ng'ombe wawili. Na dereva, kijana wa watu, akaanza kuangaliwa kwa jicho baya. Eti mvivu, hajazi maji.

Mimi si fundi. Ila kazi yangu imenifundisha kitu kimoja: kabla hujamtaja mtu, tafuta ushahidi. Oili haikuwa na rangi ya maziwa. Moshi haukuwa mweupe. Kwenye rejeta hapakuwa na mapovu. Sasa hedi ina kosa gani?

Tukamwita fundi mzee wa jirani, akaja na pampu ya kupimia presha. Akasisitiza tupime injini ikiwa ya baridi. Kwa nini? Kwa sababu tundu dogo likivujia kwenye injini ya moto, maji yanakauka kabla hayajafika chini. Ndiyo maana hatukuona tone miezi yote hiyo. Tukamulika tochi kila kona. Nyuma ya kikalio cha alteneta tukaona mchirizi mweupe, kama chumvi iliyokauka. Presha ilipopanda, tone likachungulia. Hapo pana gasketi ambayo mafundi huiita "P" kwa umbo lake.

Alipofungua, uso wa alumini ulikuwa umeliwa, una vishimo.

"Humu mnaweka nini?" akauliza.

"Maji ya mfereji, mzee," dereva akajibu. "Ndivyo nilivyofundishwa hapa."

Sote tukamgeukia baba mdogo.

Hapo ndipo historia inapoingia. Baba mdogo alianza kazi kama utingo kwenye Land Rover 109 mwishoni mwa miaka ya 1970. Kumbukeni miaka ile. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na Februari mwaka huohuo Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Kwa mtu wa Arusha, Namanga iko kilomita mia moja na kidogo tu, na Nairobi ndiko zilikotoka spea nyingi. Mara njia ikafungwa. Vikafuata Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, kisha uhaba wa fedha za kigeni, na foleni za sabuni na sukari. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983.

"Kulanti ungeipata wapi?" baba mdogo akauliza. "Rejeta ikivuja unavunjia yai bichi humo, unaomba Mungu, unaenda."

Na ilikuwa inaenda! Injini za nyingi ya zile 109, bloku na hedi vyote vilikuwa chuma kitupu. Zilivumilia maji yetu ya Meru, yenye madini mengi ya volkano. Lakini 300Tdi ina bloku ya chuma na hedi ya alumini. Metali mbili zikikaa ndani ya maji yenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa kwanza. Kulanti ina dawa ya kuzuia ulaji huo. Wengi wetu tunadhani ni ya Wazungu, ya kuzuia maji yasigande kwenye theluji. Kumbe pia inachelewesha maji kuchemka, na Arusha mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 tu.

Kwa hiyo kosa si la walioliunda gari, wala si la dereva. Baba mdogo alifundishwa na shida, naye akamfundisha kijana kama alivyofundishwa. Mpaka ulifunguliwa, spea zikarudi, injini ikabadilika. Desturi ikabaki palepale.

Fundi akausugua uso ule ukawa sawa, akaweka gasketi mpya ya karatasi. Bei yake haikufika ya kuku. Tukasafisha mfumo wote, tukajaza kulanti iliyochanganywa na maji safi ya chupa. Wiki tatu sasa, alama kwenye kidumu haijashuka. Ng'ombe wote wawili wapo zizini.

Jioni ile baba mdogo alimwita dereva mbele yetu. "Mwanangu, nilikuwazia vibaya. Nisamehe." Mzee wa Kimeru kumwambia hivyo kijana, si jambo dogo.

Nimekuwa nikijiuliza: ni mambo mangapi tunawalaumu vijana, kumbe walirithi jibu la swali la 1979? Waulizeni wazee wenu waliishije miaka ya mpaka kufungwa. Kisha angalieni ni yapi ya miaka ile bado mnayafanya.