Shada la bibi harusi: Lilivyotoka kichwani hadi mkononi

Bibi harusi akiingia ukumbini, macho huenda kwanza kwenye gauni, kisha kwenye shada la maua alilolishika. Wengi hudhani mambo yamekuwa hivyo siku zote, kumbe shada hilo lina safari ndefu.

Lilianza kama taji

Katika Roma ya kale, bibi harusi alivaa taji la maua na majani chini ya shela. Desturi ilimtaka ayachume mwenyewe.

Karne nyingi baadaye, maua yalikuwa bado kichwani. Tarehe 10 Februari 1840, Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Prince Albert akiwa amevaa taji la maua ya mchungwa. Mchungwa unaweza kuwa na maua na matunda kwa wakati mmoja, ndiyo maana ulichukuliwa kuwa ishara ya uzazi. Wanawake wa Ulaya na Marekani wakaiga, na wasiopata maua halisi wakavaa ya nta.

Kila ua na maana yake

Enzi hizo watu walipenda kutumiana ujumbe kwa maua. Mwaka 1819 kilitoka Paris kitabu cha Charlotte de Latour kilichoeleza maana ya ua moja moja, na vingine vingi vikafuata.

Mhadasi, kwa mfano, ulimaanisha mapenzi. Binti mkubwa wa Victoria alipoolewa mwaka 1858, shada lake lilikuwa na kijitawi cha mmea huo. Tangu hapo mhadasi umekuwa mila ya familia ya kifalme: Elizabeth mwaka 1947, Diana mwaka 1981 na Kate Middleton mwaka 2011, wote walikuwa nao.

Shada lililoachwa kaburini

Tarehe 26 Aprili 1923, Elizabeth Bowes-Lyon aliingia Westminster Abbey, London, kuolewa na mtoto wa mfalme. Kaka yake Fergus alikuwa ameuawa vitani mwaka 1915. Kabla ya kufika madhabahuni, bibi harusi aliliweka shada lake juu ya kaburi la Askari Asiyejulikana, akaenda kufunga ndoa mikono mitupu.

Binti yake, Malkia Elizabeth II, naye alipeleka shada lake kwenye kaburi hilo baada ya harusi yake mwaka 1947. Mabibi harusi wengine wa familia hiyo wameendelea kufanya hivyo hadi leo. Kwa hiyo wakati kwingine shada hurushwa kwa wasichana wanaosubiri kuolewa, kwao huishia kwa marehemu.

Dogo, kubwa, dogo tena

Ukubwa nao umepanda na kushuka. Miaka ya 1920 lilipendwa shada pana lenye utepe mwingi unaoning'inia. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, maua yalikuwa adimu Uingereza. Nyumba za vioo zilizokuwa za maua zililimwa nyanya ili watu wapate chakula.

Mwaka 1956, mwigizaji Grace Kelly aliolewa Monaco akiwa na kishada kidogo cha maua meupe yenye umbo la kengele, pamoja na kitabu cha sala.

Kisha akaja Diana. Shada lake la tarehe 29 Julai 1981 lilishuka kama maporomoko ya maji kwa zaidi ya mita moja: waridi, okidi, gadenia na mengineyo. Miaka ya 1980 wengi walitaka la namna hiyo, hata kama mikono ilichoka.

Kate akarudisha dogo mwaka 2011. Mwaka 2018, Prince Harry alichuma mwenyewe baadhi ya maua ya shada la Meghan Markle. Ndani yake kulikuwa na maua madogo ya bluu ambayo jina lake la Kiingereza maana yake ni "usinisahau". Yalikuwa kipenzi cha Diana, mama yake Harry, aliyefariki mwaka 1997.

Na huku kwetu?

Pwani ya Afrika Mashariki, maua ya harusi yamekuwa ya kuvaliwa na kunukia zaidi kuliko kushikwa. Asumini hutungwa shada la kuvaa, na kikuba cha asumini, rehani na mkadi hubandikwa kifuani. Shada la mkononi lilienea zaidi pamoja na gauni jeupe na harusi za kanisani.

Leo mambo yamegeuka. Kenya ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa waridi Ulaya, na mengi hulimwa kandokando ya Ziwa Naivasha. Bibi harusi wa London anaweza kabisa kuwa ameshika ua lililokatwa Naivasha siku chache tu kabla ya ndoa yake.