Chati ya Elementi kama Hati ya Historia ya Lugha: Mfano wa Kitale na Bungoma

Makala haya yanakusudia kuichunguza chati ya elementi, ile karatasi pana inayotundikwa ukutani katika madarasa ya kemia, kama hati ya historia ya lugha. Wanakemia wameisoma kwa muda mrefu kama ramani ya maumbile. Sisi wanaisimu hatujaipa haki yake. Hoja yetu ni kwamba kauli inayosikika mara kwa mara, kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi kwa sababu majina ya sayansi ni ya Kiingereza, inakanushwa na chati yenyewe. Ushahidi mmoja wa jambo hilo upo majikoni na masokoni mwa Kitale na Bungoma.

Yafaa kwanza tuitazame chati ilikotoka. Mwaka 1808 Mwingereza John Dalton alichapisha kitabu ambamo atomu zilionyeshwa kwa picha za viduara, vingine vyenye nukta, vingine vyenye mistari, vingine vyenye herufi ndani yake. Picha hizo zilipendeza macho, lakini ziliwataabisha wapiga chapa. Mwaka 1813 Mswidi Jöns Jacob Berzelius alipendekeza zitumike herufi za majina ya Kilatini, na utaratibu huo ndio ulioshika. Mwaka 1869 Mrusi Dmitri Mendeleev alizipanga elementi 63 zilizojulikana wakati huo kwa kufuata uzito na tabia zake, akaacha nafasi tupu kwa zile alizoamini kuwa zitapatikana. Nafasi tatu zilijazwa miaka ya 1875, 1879 na 1886, kwa kugunduliwa galiamu, skandiamu na jemaniamu. Leo chati ina elementi 118, na nne za mwisho zilipewa majina rasmi mwaka 2016. Katika historia hii ndefu, Kiingereza ni msemaji mmoja tu barazani.

Alama zenyewe zinathibitisha jambo hilo. Chuma huandikwa Fe, dhahabu Au, fedha Ag, risasi Pb. Mwanafunzi wa London hukariri alama hizo kwa taabu ile ile aipatayo mwenzake wa Bungoma, kwa kuwa zimetoka katika Kilatini wala hazilingani na lugha ya yeyote kati yao. Alama mbili zatufaa zaidi. Na ni kifupisho cha natrium, jina lililotokana na natroni, yaani magadi. K ni kifupisho cha kalium, jina lililotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya majivu ya mimea, neno hilo hilo lililozaa alkali. Humphry Davy alipozitenga elementi hizi mbili kwa nguvu ya umeme mwaka 1807, alizipa majina yanayotokana na soda na potashi. Na potashi, kwa asili yake, ni majivu ya chunguni.

Sasa tuitundike chati hiyo katika darasa la Bungoma. Katika majiko mengi ya Waluyia mboga za kienyeji hupikwa kwa maji yaliyochujwa katika majivu ya maganda na mashina ya maharagwe, maji ambayo wengi huyaita musherekha. Kilichomo humo, kwa sehemu kubwa, ni chumvi za potasiamu. Katika soko la Kitale magadi huuzwa kwa ajili ya kulainisha maharagwe na mboga ngumu, nayo ni chumvi za sodiamu. Basi mwanafunzi anayefundishwa kwamba Na na K ni jirani katika safu moja ya chati, kwa kuwa tabia zao zinafanana, tayari ameziona zikifanya kazi moja katika chungu cha mama yake. Lakini chati haimwambii hivyo, kwa sababu haikuandikwa kwa lugha ambayo mambo ya chungu husimuliwa.

Tusidhani kwamba Kiswahili ni kigeni katika sehemu hizi. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia yaliwakusanya watu wa makabila mengi ambao lugha yao ya kuelewana kazini na sokoni ilikuwa Kiswahili. Hata hivyo Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilikitetea Kiswahili kama somo la lazima, na mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ukakifanya kiwe somo la kutahiniwa. Lakini somo la lugha si lugha ya masomo. Katiba ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi, nayo chati ya kemia ikabaki ilivyokuwa. Kazi kubwa ya istilahi ilifanyika ng'ambo ya mpaka, ambako Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990.

Hatudai kwamba kuiandika chati kwa Kiswahili ni kazi nyepesi. Kitabu kinaweza kufafanua neno kwa aya nzima. Kisanduku cha chati hakina nafasi ya maelezo, na hivyo hulazimisha uamuzi. Hapo ndipo matatizo hujitokeza. Fedha ni madini, lakini kwa msemaji wa leo ni pesa kwanza. Risasi ni madini, lakini mtoto wa mlima Elgon atafikiria bunduki. Kiberiti kilikuwa jina la elementi ya manjano inayowaka, kisha kikahamia kwenye njiti, na leo waandishi wengi husema salfa. Vivyo hivyo chembe imetumika kwa punje ndogo ya kitu chochote, na wengine wameitumia kwa atomu yenyewe. Tangu Thomson alipoigundua elektroni mwaka 1897, Rutherford akakieleza kiini mwaka 1911, na Chadwick akaithibitisha nyutroni mwaka 1932, neno moja haliwezi tena kubeba kizima na vipande vyake.

Maoni yetu ni haya. Majina ya kale ya madini yabaki, kwa kuwa msemaji anayasikia bado kama madini: pete ya fedha haimchanganyi mtu, wala mizani ya risasi ya mvuvi. Kiberiti kiachwe kwa njiti, kwa kuwa maana ya kwanza imefifia, nayo salfa ishike mahali pake. Wakazi wa Webuye waliozoea harufu ya kiwanda cha karatasi kabla hakijafungwa mwaka 2009 hawatakosa mfano wake. Chembe iwe jina la jumla la protoni, nyutroni na elektroni, na atomu ibaki atomu. Katika kisanduku cha Na liandikwe sodiamu, na chini yake, kwa herufi ndogo, magadi. Katika K, potasiamu, na chini yake, majivu.

Walimu wengi huchora chati zao kwa mkono juu ya karatasi za manila. Hawahitaji kungoja kiwanda wala wizara ili waongeze neno moja chini ya alama. Wanachohitaji ni sisi tuafikiane neno hilo ni lipi, na hilo ndilo ambalo idara zetu zimelichelewesha.