Kutoka Bambo hadi Mipaka ya Kutegemewa: Historia Fupi ya Kuijua Jumla kwa Sehemu Yake

Katika maghala ya nafaka, mnunuzi hafungui kila gunia. Huchukua bambo, kile chuma chembamba chenye ncha na mfereji, akalichoma gunia ubavuni na kuchopoa punje chache kiganjani. Kwa punje hizo huamua bei ya shehena nzima. Kitendo hiki kimezoeleka mno, hata aghalabu haliulizwi lile swali ambalo ndilo shina la elimu ya takwimu: je, punje chache zina haki gani ya kusema kwa niaba ya gunia, na gunia kwa niaba ya shehena? Wahenga walisema kwamba samaki mmoja akioza, wote huoza. Methali hiyo ni onyo jema kwa mvuvi na kwa mlezi, lakini mfanyabiashara anayeifuata neno kwa neno atatupa shehena njema kwa ajili ya samaki mmoja, au atanunua shehena mbovu kwa ajili ya samaki mmoja mzima.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wanadamu walivyojifunza, katika muda wa karne mbili na zaidi, kuisema jumla kwa kuitazama sehemu yake, na hasa jinsi walivyojifunza kupima kosa linalowezekana katika kusema huko. Yatadai pia kwamba kipimo hicho cha kosa kina mpaka wake, na kwamba jina litakalopewa kipimo hicho katika Kiswahili si jambo dogo.

Ifaa kuanza na maneno yenyewe. Neno takwimu limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake iliyozoeleka ni kalenda. Wastani nalo latokana na shina la Kiarabu lenye maana ya katikati. Maneno haya mawili yanaashiria mambo mawili ambayo watu wa kale waliyajua vizuri: kuorodhesha na kutafuta katikati. Jambo la tatu, yaani kupima jinsi mambo yanavyotawanyika kando ya hiyo katikati, lilichelewa sana kupata elimu yake.

Aliyelifungua jambo hilo la tatu ni Abraham de Moivre, Mfaransa Mprotestanti aliyezaliwa mwaka 1667. Baada ya mfalme wa Ufaransa kufuta mwaka 1685 ile amri iliyowalinda Waprotestanti, alikimbilia London, akaishi kwa kufundisha hisabati na kuwashauri wacheza kamari. Mwezi Novemba 1733 alichapa kijitabu kifupi kwa Kilatini. Swali lake lilikuwa la sarafu. Sarafu ikirushwa mara 100, upande wa kichwa hutazamiwa kutokea mara 50, lakini hapana ajabu ukitokea mara 46 au 53. De Moivre alionyesha kwamba matokeo hayo hujikusanya kwa wingi katikati na kupungua kwa mpango maalumu pande zote mbili, yakafanya umbo linalofanana na kengele. Alionyesha pia kwamba mtawanyiko hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi, wala si kwa idadi yenyewe. Katika marusho 100 kipimo cha mtawanyiko ni 5. Katika marusho 10,000 ni 50. Basi, kwa kulinganisha na idadi yote, kosa limeshuka kutoka asilimia 5 hadi nusu ya asilimia. Hapa pana habari njema na habari ngumu kwa pamoja: kuongeza ushahidi hupunguza kosa, lakini anayetaka kulipunguza kosa kwa nusu sharti auzidishe ushahidi mara nne.

Umbo hilo la kengele lilitoka katika kamari likaingia katika elimu ya nyota. Tarehe 1 Januari 1801, Giuseppe Piazzi aliiona kutoka Palermo nyota ndogo iliyopewa jina la Ceres, kisha ikapotea katika mwanga wa jua. Carl Friedrich Gauss, akiwa kijana wa miaka 24, alikokotoa njia yake kwa vipimo vichache vilivyokuwapo, na kabla mwaka haujaisha nyota ikaonekana tena karibu na mahali alipopataja. Mwaka 1809 Gauss alichapisha nadharia yake, akaeleza kwamba makosa ya vipimo hutawanyika kwa umbo lile lile. Mwaka uliofuata Pierre-Simon Laplace alionyesha sababu pana zaidi: pale ambapo visababishi vingi vidogo visivyotegemeana vinajumlishwa, jumla yao huelekea kuchukua umbo la kengele, hata kama kila kimoja peke yake hakina umbo hilo.

Adolphe Quetelet wa Ubelgiji akalihamisha umbo hilo kutoka mbinguni hadi kwa wanadamu. Alitazama vipimo vya vifua vya askari wa Kiskoti zaidi ya 5,700, akaona kwamba vimejipanga kandokando ya inchi 40 kama makosa ya mpima nyota. Akavutiwa mno na mtu wa wastani, hata akakaribia kumfanya ndiye mtu kamili na wengine wote kuwa makosa ya maumbile. Hatari hiyo imebaki katika jina. Karl Pearson, ambaye alichangia sana kulieneza jina la mtawanyiko wa kawaida, mwenyewe alikuja kukiri kwamba jina hilo huwafanya watu wadhani kuwa mitawanyiko mingine si ya kawaida. Onyo hilo linafaa hata katika Kiswahili, ambamo kawaida ni pia desturi na ada. Mapato ya watu, kwa mfano, hayafuati umbo la kengele: wengi hupata kidogo na wachache hupata kingi mno, na wastani huvutwa juu na hao wachache.

Ama kuhusu sampuli, Laplace ndiye aliyetoa mfano mashuhuri wa mwanzo. Ufaransa ilikuwa na daftari za vizazi, lakini kuhesabu watu wote kulikuwa na gharama. Kwa ombi lake, mwaka 1802 serikali ilihesabu watu wa sehemu teule katika mikoa 30 hivi, wakapatikana 2,037,615. Kwa kulinganisha watu hao na vizazi vyao vya kila mwaka, alipata takriban watu 28 na theluthi moja kwa kila kizazi kimoja. Akichukua kwamba vizazi vya nchi nzima vilikuwa milioni moja kwa mwaka, alipata watu 28,352,845. Hakukomea hapo. Alisema kwamba mtu angeweza kuweka dau la karibu 300,000 kwa 1 kwamba kosa halizidi nusu milioni. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwa kuwa mkadiriaji alitoa kadirio pamoja na kipimo cha shaka yake. Hata hivyo pana neno la kuzingatiwa: sehemu zilizohesabiwa zilichaguliwa zile ambazo mameya wake walisifika kwa bidii na akili. Dau la 300,000 kwa 1 lilipima bahati tu. Halikupima upendeleo wa uchaguzi wenyewe.

Upendeleo huo ndio uliowafanya wanatakwimu wengi wa karne ya 19 waidharau sampuli na kushikilia hesabu kamili. Anders Nicolai Kiær, mkuu wa ofisi ya takwimu ya Norwei, alipopendekeza mwaka 1895 huko Bern kwamba sehemu iliyochaguliwa kwa uangalifu yaweza kuwakilisha nchi nzima, alipingwa vikali. Huko Uingereza, Arthur Bowley alichagua mwaka 1912 takriban nyumba moja katika kila 20 za wafanyakazi wa mji wa Reading ili kupima umaskini wao, naye akafuata utaratibu maalumu ili matakwa ya mchaguzi yasiingie. Hapo fikira ilikuwa imepevuka: haitoshi sehemu ionekane kufanana na jumla, sharti ichaguliwe kwa njia isiyompa mchaguzi nafasi ya kupendelea.

Wakati huo huo swali jingine lilikuwa likiisumbua biashara. William Sealy Gosset, aliyesomea kemia na hisabati huko Oxford, aliajiriwa mwaka 1899 na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Kazi yake ilihusu shayiri na viungo vingine vya bia, ambavyo majaribio yake ni ya gharama na huchukua msimu mzima. Yeye hakuwa na sampuli za mamia. Alikuwa na vipimo vinne, sita, au kumi. Kanuni za wakati wake zilikuwa za sampuli kubwa. Gosset aliandika katika vipande 3,000 vya karatasi ngumu vipimo vya kimo na vya kidole cha wafungwa 3,000, akavichanganya na kuvigawa katika sampuli 750 za vinne vinne, kisha akaangalia jinsi wastani za sampuli hizo zilivyotawanyika. Kwa kuwa kampuni yake haikuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao, makala yake ya mwaka 1908 yalitoka kwa jina la Student, yaani mwanafunzi. Alionyesha kwamba mwenye ushahidi mchache sharti aipanue mipaka ya kadirio lake kuliko kengele inavyomwambia.

Mfano wa kubuni utaonyesha maana ya hayo. Chukuliwe kwamba mnunuzi amepima magunia 100 ya mahindi yaliyoandikwa kilo 90, akapata wastani wa kilo 89.2 na kipimo cha mtawanyiko cha kilo 2. Kosa la wastani huo ni 2 kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 100, yaani kilo 0.2. Katika umbo la kengele, asilimia 95 ya matokeo huangukia ndani ya mara 1.96 ya kosa hilo kila upande. Mipaka basi ni kilo 88.8 na 89.6, na kilo 90 iko nje yake. Mnunuzi ana haki ya kulalamika. Lakini lau angalipima magunia manne tu akapata wastani ule ule na mtawanyiko ule ule, kosa lingalikuwa kilo 1, na kwa majedwali yaliyotokana na kazi ya Gosset angalitumia 3.182 badala ya 1.96. Mipaka yake ingalikuwa takriban kilo 86.0 na 92.4, na lalamiko lake lisingalisimama.

Aliyeipa mipaka hiyo jina na maelezo yanayotumika leo ni Jerzy Neyman, aliyezaliwa mwaka 1894. Alilitumia wazo hilo kwanza kwa Kipolandi akiwa Warsaw, kisha akalitoa kwa Kiingereza mbele ya Chama cha Kifalme cha Takwimu cha London mwaka 1934, na kulikamilisha mwaka 1937. Bowley, yule yule wa Reading, alikuwa miongoni mwa waliomsikiliza mwaka 1934, naye alishuku waziwazi kama ufasaha wa jina hilo haukuwa hila ya kumvuta msikilizaji aamini. Shaka yake haikuwa ya bure. Neyman hakusema kwamba pana uwezekano wa asilimia 95 kuwa ukweli uko kati ya kilo 88.8 na 89.6. Ukweli ama uko humo ama haumo. Alichosema ni kwamba njia hii ikitumiwa tena na tena, mipaka itakayotolewa itaukamata ukweli mara 95 hivi katika kila 100. Sifa ni ya njia, wala si ya jibu moja.

Matukio mawili yanaonyesha kwa nini tofauti hiyo ni ya maana. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilipeleka karatasi za kura kwa watu wapatao milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2. Likatabiri kwamba Landon atashinda. Akashinda Roosevelt kwa kura nyingi mno. Majina yalikuwa yamechukuliwa hasa katika orodha za wenye simu na magari, na waliojibu ni wale waliotaka kujibu. Wingi wa karatasi haukuusafisha upendeleo wa orodha.

Tukio la pili ni la Afrika Mashariki yenyewe. Hadi mwaka 1948, idadi ya Waafrika katika Kenya ilikisiwa kwa kutegemea hasa daftari za kodi, ambazo zilimjua mtu kwa kibanda alicholipia. Mwaka huo watu walihesabiwa, kisha ikafuata hesabu ya sampuli ya asilimia 10 ili kupata habari za ndani zaidi. Makisio ya zamani yalibainika kuwa chini sana ya ukweli. Daftari ya mtoza kodi haikuwa imekusudiwa kuwaona watu wote, na hapana hesabu yoyote ya mipaka ambayo ingaliweza kuwarudisha wale ambao daftari haikuwaandika.

Kwa hiyo jina la Kiswahili lataka uangalifu. Kusema uhakika wa asilimia 95 ni kuyagonganisha maneno, kwa kuwa kilicho hakika hakina asilimia. Kusema imani ni kuialika dini mahali pa hesabu, maana imani haidai ushahidi. Neno kutegemewa lafaa zaidi. Baharia hulitegemea tanga kwa kuwa limemvusha mara nyingi, hali anajua kwamba safari hii laweza kupasuka. Mipaka ya kutegemewa ni jina linaloweka sifa mahali pake, yaani katika chombo.

Hata hivyo jina jema halimlindi asiyejua kuchagua. Mzoefu wa maghala hachomi bambo mdomoni mwa gunia, ambako muuzaji ametandaza punje nzuri. Huchoma ubavuni na chini, katika magunia ambayo muuzaji hakumchagulia. Hesabu ya de Moivre, ya Gosset na ya Neyman humwambia ni kwa kiasi gani punje zilizomo kiganjani zaweza kumdanganya kwa bahati. Mahali pa kulichoma bambo, hilo sharti alijue mwenyewe kabla ya kuanza kuhesabu.